Ndoo Iliyokosa Njia ya Kurudi

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msidhani nawasimulia mambo ya kale. Ni ya juzi tu, hapa Kasulu, sebuleni kwangu.

Mjukuu wangu wa kike amesomea kompyuta. Wafugaji nyuki wa Murungu, kule Kibondo, walimwomba awatengenezee mfumo wa kufuatilia asali, toka inapopokelewa mpaka inapouzwa. Kazi yake ya kwanza. Kesho yake alikuwa aende kuwaonyesha michoro ya mfumo huo, na wasiporidhika wangempa mtu mwingine. Akabandika karatasi ukuta mzima. Nikamuuliza, picha zote hizi za nini kwa ndoo ya asali?

"Bibi, mchoro huu wa kazi unaonyesha nani anafanya nini baada ya nani. Huu unaonyesha ndoo yenyewe inapitia hali zipi. Kila mmoja peke yake ni mzuri. Nataka kujua kama yote inasema jambo moja."

Akatupanga. Mume wangu alipewa mchoro wa ndoo, wenye mishale ya kutoka hali moja hadi nyingine, atamke hali yake. Mkamwana wangu akawa mpimaji wa asali, akashika mchoro wa kazi. Mimi nikawa mfugaji nyuki, mkononi ndoo ya kuchotea maji.

"Na nyuki wako wapi?" mume wangu akauliza.

"Nyamaza, wewe ni karatasi."

Nikamkabidhi mzee ndoo. "Imepokelewa," mzee akasoma. Mkamwana akachungulia ndani, uso umekunjwa kama mpimaji kweli. "Imepimwa," mzee akasema.

"Sasa asali ina maji mengi," mjukuu akatuambia.

Mkamwana akafuata mistari kwa kidole. "Arudishiwe mwenyewe." Nikanyoosha mikono.

"Haiwezekani," mzee akasema, ndoo kaikumbatia. "Kwangu ikishapimwa inaingia ghalani, halafu inauzwa. Basi."

"Lete ndoo yangu!"

"Nikupe kwa mshale upi?"

Tulicheka mpaka mkamwana akaketi chini. Mjukuu hakucheka.

"Mfumo ungegoma hapo," akasema. "Au asali ya maji ingeuzwa pamoja na nzuri." Akachukua kalamu, akachora mshale mpya kutoka kwenye kupimwa, na mwisho wake akaandika: imerudishwa. Uso ukamtulia.

Kazi aliipata, siwafichi, na Murungu wanautumia mfumo huo. Nikiukumbuka mchana ule moyo wangu unaridhika. Lakini wakati ule hatukujua. Mkamwana alishaanza kubandua karatasi. "Mama, tumemaliza, ugali unapoa." Mzee keshafika mlango wa jikoni.

Mjukuu alibaki anautazama ukuta. Akaniambia polepole, kwa haya ya kutusumbua wakubwa, "Nimebadilisha mmoja, Bibi. Mingine sijui kama bado inakubaliana nao."

"Acha karatasi hizo," nikamwambia mkamwana. "Funika ugali. Na wewe mzee, rudi ushike mchoro wako. Hakuna atakayenawa mikono hapa mpaka ndoo hii ipite tena michoro yote, tangu kupokelewa."