Maneno Aliyofundishwa Mke Wangu

Mke wangu alianza kujifunza Kiingereza kigumu pale hoteli anayofanyia kazi, kule The Pearl hapa Doha, ilipotangaza kwamba inatafuta mtu wa kukaa lobi kupokea wageni na kusikiliza shida zao. Yeye alikuwa msafisha vyumba. Kiingereza cha vyumbani alikuwa nacho: taulo, shuka, samahani bwana, nirudi saa ngapi. Cha lobi ni kingine. Msimamizi wake alimwambia bila kumficha kwamba adabu anayo, sura anayo, maneno ndiyo hana.

Mimi ni dereva. Nawapeleka wageni uwanja wa ndege na kuwarudisha, na Kiingereza changu nimekiokota humo humo garini. Nilipomwoa Tanga, mimi ndiye niliyeonekana mjuzi. Hata tulipotua Doha, yeye alisimama nyuma yangu kashika mkoba, mimi nikajibu maswali yote ya uhamiaji, yangu na yake. Kwa hiyo aliposema anataka kujifunza, nilikaa nikingoja aje kwangu.

Hakuja. Alimwendea Mkenya mmoja wa pale lobi, kijana wa Nakuru, mrefu, suti imemkaa, ananukia kabla hajafika. Wakakubaliana kwamba kila asubuhi atamtumia neno moja kwa sauti kwenye WhatsApp, pamoja na maana yake na mfano. Mke wangu alilisikiliza huku akichemsha chai, simu kaiegemeza kwenye kopo la sukari. Chumba chetu cha mtaa wa Abu Hamour ni nusu ya sebule ya watu iliyogawanywa kwa mbao. Sikuwa na pa kwenda nisiisikie sauti ile.

"Good morning, my dear. Neno la leo ni 'impeccable'. Hiyo ni kitu haina kasoro hata kidogo. Your work is impeccable. Haya, rudia."

Mke wangu akarudia, taratibu, macho kayafumba. Mimi 'impeccable' sikuijua. 'My dear' niliijua vizuri.

"Huyo anakuitaje?" nikauliza.

"Anatuita hivyo wote, baba watoto. Hata yule Mfilipino wa jikoni mwenye ndevu."

"Na mwenye ndevu naye anatumiwa maneno asubuhi?"

Alicheka, akanimiminia chai. Mimi sikuona cha kucheka.

Maneno yakazidi kuingia ndani mwetu. Akitandika kitanda anasema 'meticulous', yaani mtu asiyeacha hata kunyanzi kwenye shuka. Akionja mchuzi wangu anasema 'mediocre', kisha ananieleza kwa upole kwamba si mbaya, ni wa katikati tu. Nilikuwa nikimwangalia mdomo. Nilimwoa akiwa na mdomo ule ule, lakini sasa ulikuwa ukitoa vitu nisivyoviweka mimi.

Jioni nilikuwa nikienda kumchukua mlango wa wafanyakazi. Siku moja niliwahi. Nikawaona wawili wamesimama kivulini, yeye na sare yake, Mkenya na suti yake. Sikusikia chochote, vioo vilikuwa juu kwa sababu ya joto. Mkenya alisema kitu kifupi, mke wangu akakirudia, Mkenya akatikisa kichwa, akasema tena, mke wangu akarudia tena, safari hii wote wakafurahi. Ningewakuta wameshikana mikono ningejua la kufanya. Kwa lile nililoliona, ningeshuka niseme nini? Nilipiga honi, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kuanzia wiki ile nikaanza kujifunza na mimi, kimya kimya. Nikiwa kwenye foleni ya kungoja wageni nafungua simu, nasoma maneno ya daraja la juu, nayatamka peke yangu na kiyoyozi. Maana zake nilizisoma haraka haraka. Nilichotaka ni siku moja niyatoe mbele yao, waone.

Siku ikaja mapema. "Nimemwalika Ijumaa," mke wangu aliniambia. "Mtu ananisaidia bure, hata sahani ya pilau nisimpe?"

Ijumaa hiyo mimi nilitoka msikitini na Mkenya akatoka kanisani, maana hapa hata ibada ya kanisa huwa Ijumaa na makanisa yote yako huku huku Abu Hamour, tukakutana mlangoni. Alikuwa na katoni ya juisi mkononi.

"Shikamoo, mzee," akanisalimu. "Nimeambiwa Watanzania hupenda shikamoo."

Nimemzidi miaka michache tu. "Marahaba," nikajibu, kwa sababu ningejibu nini kingine?

Tulikaa mkekani. Alikula vizuri, akasifia pilau, akatuonyesha picha ya shamba la mama yake. Ilikuwa vigumu kumchukia, na hilo nalo lilinikera. Yeye na mke wangu walianza kuzungumzia usaili, maswali gani yataulizwa, na nikaona mazungumzo yananiacha nje. Nikaona hapa ndipo pangu.

"My friend," nikasema kwa sauti, "my wife is notorious in your hotel."

Mke wangu alisimamisha upawa hewani. Mkenya alikohoa, akanywa juisi, akaweka bilauri chini polepole.

"Ni kweli, mzee," akasema. "Anajulikana sana. Kila mtu anamjua."

Nikajua nimeharibu, ila sikujua nimeharibu nini. Alikuwa amenisitiri, na macho yake hayakuwa na kejeli hata chembe. Kwa kunisitiri kule nilimchukia zaidi.

Alipoondoka, mke wangu alikuwa anakusanya sahani. "Notorious ni mtu anayejulikana kwa ubaya," akasema bila kuniangalia. "Tapeli. Jambazi."

"Nilidhani ni maarufu."

"Nimejua ulidhani hivyo. Lakini ungeniuliza."

"Nikuulize wewe? Wewe umeniuliza mimi?"

Ndipo akaweka sahani chini. "Hebu niambie leo. Unanionea wivu mimi, au unamwonea yule?"

"Kuna tofauti?"

"Ipo. Sisi tunasema wivu, basi. Wao wanagawa. 'Jealous' ni mtu anayeogopa kunyang'anywa chake. 'Envious' ni mtu anayetamani cha mwenzake. Wewe ni yupi?"

Nilimtazama. Mtu niliyemjibia maswali uwanja wa ndege alikuwa amesimama na mikono yenye mafuta ya pilau, akinipa ugonjwa wangu majina mawili.

"Na hayo nani kakufundisha?"

"Si unajua nani."

Nikavaa viatu nikatoka. Nilizunguka mtaa mzima juani, nikapita mbele ya maduka yaliyofungwa, nikijiuliza mimi ni yupi. Kila nilipochagua moja, jingine lilinijia. Nilikuwa naogopa kunyang'anywa mke, na nilikuwa natamani kuwa mke wangu.

Hatukuzungumza sana baada ya hapo, hadi siku ya usaili. Nilimpeleka mwenyewe. Alikaa mbele, anarudia maneno yake yote. Lilipofika moja akakwama.

"Reluctant. Kaniambia ni 'unwilling'. Na unwilling nayo? Nimekariri tu, silioni."

Neno lile mimi nililiona. Niliwahi kumchukua mzungu mmoja na mwanawe mdogo kuwapeleka uwanja wa ndege, likizo ya kumtembelea babu imekwisha. Mtoto hakulia wala hakukataa. Alikuja, lakini kwa kujikokota, na kila hatua aligeuka nyuma. Baba yake akaniomba radhi, akasema mtoto ni 'reluctant'.

"Unakumbuka asubuhi tunaondoka Tanga?" nikamuuliza mke wangu. "Ulipanda basi. Hukusema hutaki. Lakini ulishuka kumbusu mtoto tuliyekuwa tunamwacha, ukapanda, ukashuka tena, mpaka kondakta akakupigia kelele."

Akaanza kukunjakunja ncha ya mtandio wake. Nikadhani nimemuumiza.

"Shingo upande," akasema.

"Hiyo hiyo."

"Kumbe ndiyo hii." Akageukia dirishani, akajifuta jicho kwa ncha ya mtandio. "Haya, niulize jingine."

Nikamuuliza njia nzima hadi The Pearl. Mengine alijua yeye, mengine nilijua mimi, na mawili hatukujua wote.

Alipotoka kwenye usaili nilikuwa nimeegesha ng'ambo ya barabara. Alikuwa anakuja mbio na simu sikioni, meno yote nje. Nikashusha kioo. "Thank you," alikuwa anasema, "thank you so much." Alikuwa anamwambia Mkenya. Yeye ndiye aliyesikia kwanza. Mimi nilisikia alipokwisha kukata simu na kufunga mkanda.

"Nimepata! Wameniuliza habari za mgeni asiyetaka kuhamishwa chumba, nikalitumia lile letu!"

"Hongera, mke wangu," nikamwambia, na nilimaanisha. Lakini lile tabasamu la kwanza lilikuwa limeshatumika.

Sasa anakaa lobi, kavaa koti jeusi, zamu nyingine yuko na Mkenya, nyingine peke yake. Juzi nilimchukua mzee mmoja na mkewe kutoka hoteli ile ile. Njiani walimsifu dada wa mapokezi, Mtanzania, wakasema ni 'gracious'. Nikawauliza maana yake. Yule bibi alifikiri kidogo, akanieleza kwamba ni mtu mwenye upole na heshima, anayekufanya ujione mgeni wa maana hata ukiwa umemsumbua.

"Ni mke wangu," nikasema.

Walifurahi sana, wakaniambia nina bahati. Nikashukuru, nikaongeza mwendo kidogo. Nilikuwa nahesabu moyoni ni lini mara ya mwisho mimi nilipewa upole huo, maana akirudi nyumbani huwa amechoka, anavua viatu na kulala. Wale walikuwa wamekaa naye kwa siku chache tu, na upole wote walikuwa wameupata wao.