Ngoma Niliyompa Diya

Jumamosi, tarehe nane. Asubuhi manyunyu, mchana jua likachoma.

Leo Diya wa ghorofa ya juu ametimiza miaka saba. Wao ni Wahindu, sisi ni watu wa Mtwara. Nilipolazwa mwaka jana, mama yake alimlea mwanangu wiki mbili kama wa kumzaa. Ndiyo maana nilitaka zawadi ya maana, kitu cha asili kilichotengenezwa kwa mkono. Kariakoo nikapata kingoma kilichochorwa vizuri.

Nisimsingizie muuzaji. Aliniambia, "Dada, ipo ya ngozi ya mbuzi na ya ng'ombe." Mimi ndiye niliyejibu kwa maringo, "Nipe ya ng'ombe, ya mbuzi inachanika upesi."

Mchana kwenye sherehe kwao, Diya aliipiga, sebule nzima ikacheka. Bibi yake akaichukua, akaipapasa.

"Nzuri sana. Ngozi ya nini hii, mwanangu?"

"Ya ng'ombe halisi, bibi," nikajibu, najisikia kweli. "Hiyo haichaniki."

Mkono wa bibi ukasimama juu ya ngozi. Nikainua macho, nikaona ukutani picha ya ng'ombe aliyevishwa maua. Mwaka wa nne huu nakunywa chai chini ya picha hiyo.

Bibi akaiweka ngoma mezani taratibu, kama anayelaza mtoto. Akanishika mkono. "Umetaka kumfurahisha Diya, tumeona. Kaa, chai inapoa."

Jioni tulikula wali na mchicha. Nyama ya ng'ombe niliiacha kwenye friji, maana harufu ya jiko letu hupanda hadi kwao.