Nyanya Aliyetaka Dripu

Msimu ule mto Sabaki ulipofurika na visima vikaingia matope, wodi yetu ilijaa watoto wa kuharisha hadi tukawalaza wawili wawili. Mimi ni afisa wa kliniki, ingawa watu huniita daktari. Nilikuwa nimechoka, nikiinama kumpima mtoto natamani nibaki nimeinama.

Akaingia nyanya mmoja amembeba mjukuu wake wa kike.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Mtie dripu huyu. Kaharisha tangu jana."

Nikamfinya mtoto ngozi ya tumbo, ilirudi polepole. Macho yalikuwa yameingia ndani, lakini alilia, na nilipomsogezea kikombe alikidaka akanywa kwa pupa. Nikachanganya pakiti ya chumvi na sukari kwenye maji safi, nikampa nyanya na kijiko.

"Mnyweshe kidogo kidogo. Nitarudi kumtazama."

"Na yule wa dirishani, mbona mmemtia?"

"Yule hawezi kumeza, nyanya."

Hakuridhika, ila alimnywesha. Kila nilipopita nilimkuta akinywesha, mtoto akitapika, akimpangusa, akianza tena.

Alasiri niliporudi, kijiko kilikuwa ndani ya kikombe. Mtoto hakukitaka tena kikombe. Kichwa kimelegea, namwita haitiki, na ngozi niliyoifinya ikabaki imesimama. Miguu ilikuwa baridi.

Sasa alihitaji dripu. Nikampima uzito, nikapiga hesabu, nikaandika kiasi cha kwanza kiingie haraka, kilichobaki taratibu. Muuguzi akatafuta mshipa mkononi, akakosa. Nikatafuta mguuni, nikakosa. Nyanya alikishika kichwa cha mtoto. Nilingoja aseme, "Si nilikwambia?" Yeye akakigeuza tu kichwa cha mtoto upande. Tukaupata mshipa juu ya sikio, maji yakaanza kuteremka.

Nilikwenda kwa wengine, nikawa namrudia kumpima upya. Jua lilipopoa niliisikia sauti ya nyanya:

"Kakojoa! Kanikojolea leso nzima!"

Mtoto alikuwa analia kwa hasira, machozi yakimtoka. Nikamfinya tumbo, ngozi ikarudi papo hapo. Nilitaka kufurahi, lakini nilichoweza ni kuegemea kitanda tu.

"Wewe umekula?" nyanya akaniuliza.

"Bado."

Akafungua kitambaa, akanimegea muhogo wa kuchemsha. Nikanawa mikono, nikaula nimesimama, huku mama mwingine akiniita mlangoni.