Manjano kwenye Ukuta wa Kibokoni

Nikumbukavyo, mwanangu, ilikuwa Jumanne, baada ya swala ya alasiri. Nilishuka ngazi za nyumba ya Kibokoni na tumbo la miezi saba, nikasimama mbele ya baraza iliyojaa wazee wanywa kahawa, nikamwita mwenye nyumba wangu mwizi. Ndiyo, mimi huyu unayeniona nimetulia na tasbihi yangu. Ujanani nilikuwa na mdomo, Mungu anisamehe.

Mwenye nyumba akiitwa Mzee Athmani. Yeye na mkewe walikaa ghorofa ya juu; mimi, mume wangu na watoto wetu wawili tulikaa ghorofa ya kwanza, chini yao. Miaka sita tuliishi kwa wema. Mkewe akipika mkate wa sinia, sahani yetu hushuka kabla wenyewe hawajaonja. Lakini zile ngazi za mawe zimesimama wima, na kwa mimba ile daktari alinikataza kuzipanda. Mume wangu, karani wa bandarini, akatafuta mpaka akapata nyumba ya chini kule Ganjoni. Wenyewe wakataka dipoziti ifikapo Ijumaa, la sivyo wampe mwengine. Na sisi hatukuwa na akiba yoyote ila dipoziti yetu iliyokuwa kwa Mzee Athmani.

Mzee akaja kukagua. Akavuta kitanda, akaona nyuma yake ukuta umefura, plasta imebanduka, na chini umemwagika unga mweupe. "Mmeniharibia ukuta," akasema. "Mwaosha watoto humu chumbani, mwamwaga maji. Hii dipoziti yote itaingia kwenye plasta." Yote! Mume wangu akainamisha kichwa, maana yeye ni mtu wa haya. Mimi nikawaka.

Watoto tulikuwa tukiwaosha bafuni, si kwengine. Haki ilikuwa yangu, na ndiyo iliyonitia jeuri ya kushuka mpaka barazani, mahali ambapo mwanamke wa Mji wa Kale hutoa salamu akaendelea na njia yake. Nikayamwaga yote. Nikasema anakula pesa za mjamzito. Nikasema hata hizo swala zake anajisumbua bure. Muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe vyake. Mzee Athmani akakitua kikombe chake chini.

Aliyenijibu ni Mzee Bwanakombo, fundi wa chokaa, mtu mfupi, viganja vimechanikachanika kwa kazi. "Nyamaa, binti," akasema, taratibu tu. "Ushasema, tushasikia. Sasa twendeni tukauulize ukuta."

Tukapanda: yeye, Mzee Athmani, mume wangu, na mimi nyuma nahema. Mwanangu, sijapata kuona kitu kama kile. Fundi alivua viatu mlangoni. Akaweka kiganja ukutani, akafumba macho, kama mama anayempima mwanawe homa. Akaanza kugonga kwa kidole kutoka sakafuni kwenda juu, shubiri kwa shubiri, akisikiliza. Kisha akachovya kidole kwenye ule unga, akaulamba.

"Chumvi," akasema. "Hii ni ya jiwe lenyewe, maji yakipita ndani huitoa nje. Maji ya kuosha mtoto yangeanzia chini. Haya yameanzia juu, kwenye boriti ile." Akamgeukia mwenye nyumba. "Athmani, birika lako la bafuni, lile la kujengwa la kuwekea maji, liko upande gani?"

"Liko papo hapo juu. Lakini halivuji. Nililipaka saruji kwa mkono wangu."

"Haya. Binti, una manjano jikoni?"

Nikadhani uzee umemwingia kichwani. Nikampa mkebe mzima wa bizari ya manjano. Akampelekea mke wa Mzee Athmani, akamwambia aikoroge yote ndani ya birika, na mtu asichote maji humo mpaka kesho.

Kesho yake, alasiri, tukakutana tena, tukavuta kitanda. Chini ya boriti palikuwa na mchirizi wa manjano, mwembamba, mbichi, unashuka polepole. Subhanallah! Manjano niliyonunua Marikiti kwa ajili ya mchuzi yanatokeza kwenye jiwe lililojengwa kabla ya bibi yangu kuzaliwa! Mume wangu aliketi kitako sakafuni. Nikamtazama mzee yule ambaye hakuwahi kusoma popote ila kwenye kuta za watu, nikajiona mdogo sana.

Na bado sikuwa nimeona kubwa lenyewe. Mzee Athmani aliutazama mchirizi, akashuka. Tukamsikia barazani, mbele ya wale wale wa jana, anapaza sauti: "Jamani, jana mlisikia. Maji yale ni yangu, yatoka bafuni kwangu. Hawa watu sina ninachowadai. Niliwadhulumu bila ya kujua." Akamwita mume wangu, akamtia dipoziti kamili mkononi. Mtu mzima yule, mwenye nyumba yake na ukoo wake! Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kuturudishia kule kule juu, angalau afiche uso wake. Mimi niko dirishani nasikiliza.

Fundi alikuwa angali chumbani anavaa viatu. Akaniambia, bila ya ukali wowote, "Wewe umepata chako, na umepewa mbele za watu. Na yeye chake je? Heshima yake uliivunja barazani. Utaenda kumrudishia jikoni?"

Siku mbili nilijizungusha. Nilimpelekea mkewe halua, nikamuomba radhi yeye, nikajidanganya kwamba yamekwisha. Ijumaa, mkokoteni umeshapakiwa vyombo, mume wangu ananiita, nikashindwa kuondoka. Nikaenda barazani. Siku ya kutukana miguu ilikimbia yenyewe. Siku hiyo kila hatua niliihesabu.

"Masalkheri, wazee," nikasema. "Mzee Athmani, Jumanne nilikuita mwizi hapa. Wewe si mwizi. Naomba unisamehe."

Alinitazama, macho yakamjaa machozi. Akasogea, akapangusa mahali kwa kilemba chake. "Keti, mwanangu," akasema. "Wewe ni mzito, usisimame." Nao wote wakasogea. Nikaketi, mwanamke mjamzito katikati ya wazee wa Kibokoni, muuza kahawa akanipa kikombe na kashata, nikalia mbele yao bila ya kujificha.

Mzee Athmani hakumaliza mwaka. Nilipopata habari za msiba nilikuwa Ganjoni na mtoto kifuani, na nikawa nafikiria jinsi nilivyokaribia kupanda mkokoteni ule na kwenda zangu.

Kwa hivyo, mwanangu, sikwambii umwachie huyo mwenye nyumba wako dipoziti yako. Ni haki yako, ifuate. Siku unayoingia nyumba mpya piga picha kila ukuta, na mwenye nyumba azione. Akikata pesa, mwambie akuandikie kila alichokata na sababu yake. Muite fundi asiye rafiki wa yeyote kati yenu. Akikataa kabisa, liko baraza la serikali la kesi za wapangaji, nenda, usiogope. Lakini hiyo picha ya uso wa mwenye nyumba wako unayotaka kuitupa mtandaoni pamoja na lile neno "mwizi", izuie kwanza. Huenda amekosea tu, kama alivyokosea Mzee Athmani. Na kama umeshaitupa, basi msamaha wake usimnong'oneze pembeni. Upeleke pale pale, kwa watu wale wale, na umuwahi angali hai.

Mungu akupe makazi yenye utulivu na majirani wa kheri. Akupe haki yako kamili, wala asikuache uichukue ya mwenzio. Amin, mwanangu, amin.