Riwaya Juu ya Kabati

Jumatatu iliyokuwa ikija nilitakiwa kusimama mbele ya darasa nizungumzie riwaya moja, na riwaya yenyewe haikuwa pale kitandani nilipoiacha. Nilijua iko wapi. Ilikuwa juu ya kabati, imeviringishwa kwenye kanga, pembeni ya msahafu. Ufupi wangu huu ukanilazimisha niburute robota la jinzi la Mama mdogo nipate pa kupanda.

"Una udhu wewe?" akaniuliza kutoka jikoni.

Mama mdogo, ndugu yake mama yangu, alikuwa akinunua nguo soko la Shisanhang na jinzi viwandani Xintang na kuzipeleka Zanzibar. Nilikaa naye mtaa wa Xiaobei, chumba kimoja na marobota yake, nikisoma chuo kikuu fasihi ya Kiarabu. Ndiyo, Uchina. Ufadhili ulipatikana huko, na nafasi iliyobaki ilikuwa hiyo. Wenzangu walicheka mpaka wakachoka. Mama mdogo hakucheka hata mara moja. Kwake yeye herufi za Kiarabu zote ni za dini, hata zikiwa kwenye pakiti ya biskuti.

Na vitabu vyangu havikuwa vya dini. Muhula ule tulikuwa tukisoma riwaya za Waarabu wa zama hizi kuhusu vijana wanaokua. Ukisoma tatu unaijua ya nne: kijana, baba mkali, treni ya kwenda mji mkuu, na mama analia nyuma ya mlango. Unafungua nyingine, mama bado yuko nyuma ya mlango, analia. Zilinichosha roho. Nikamuuliza mwalimu, wasichana wao wanakua lini? Ndipo akanipa hii, iliyoandikwa na mwanamke. Binti anavuta sigara za baba yake juu ya paa, anamrushia barua kijana wa jirani, mwisho anatoroka nyumbani akasome. Niliipenda mno, na nikaudhika kwamba hakuna aliyenipa nikiwa na miaka kumi na tano.

Kero kubwa ilikuwa Ijumaa. Kila Ijumaa Baba alipiga simu kutoka Unguja, na Mama mdogo akampa habari zangu. Baba aliniruhusu kuja kwa neno lake, na kwa neno lake angenirudisha. "Usiku na mchana yuko na kitabu, shemeji," alikuwa akimwambia, na Baba anamshukuru Mungu, na mimi nipo pembeni nasaga meno. Nilikuwa msichana mtu mzima, nasifiwa kwa kusoma dini, jambo nisilolifanya.

Ijumaa ile, nikiwa bado juu ya robota, nikaona sasa imetosha.

"Mama mdogo, hii ni riwaya. Ina mapenzi ndani."

"Astaghfirullahi! Kwa Kiarabu?"

"Kwani Waarabu hawapendani?"

Nikamtafsiria ukurasa mzima, sigara, barua, yote. Alisikiliza mwiko mkononi, akafikiri.

"Umekosea kutafsiri," akasema. "Hebu rudia."

Nilitamani kulia. Kabla sijarudia, simu ikaita, naye akaanza na Baba yale yale ya kila wiki, usiku na mchana. Kisha akaniletea simu. Macho yake yalikuwa yakinisihi.

"Anataka umsomee kidogo."

"Shikamoo, Baba," nikasema. "Hiki si kitabu cha dini. Ni hadithi ya binti anayemtoroka baba yake aende kusoma."

Mama mdogo akajishika kichwa, akakaa juu ya marobota.

"Anarudi?" akauliza Baba.

Hakuuliza nani kaandika, wala naisomea nini. Hilo tu. Na sauti aliyoulizia sikuwahi kuisikia kwake, ndogo, kama ya mtu anayeuliza bei ya kitu anachojua hatakimudu.

"Harudi, Baba."

Akakohoa, halafu akataka kujua chuo nitamaliza lini. Nikamwambia bado miaka miwili.

"Miwili," akasema. Hakuniambia nirudi.