Mimba ya Mama Mkwe

Tuliambiwa tableti ya kusajili wagonjwa itatupunguzia kazi. Sasa sisi manesi wa hapa Kitengela tunaandika kila mgonjwa mara mbili, kwa kitabu na kwa tableti.

Siku ya mafunzo nilisajili mjamzito wa uongo. Tableti ikadai nambari ya simu, nikaweka ya mama mkwe, mjane, mwenyekiti wa akina mama kanisani. Foleni ikanizidi, nikasahau kumfuta.

Jana mama mkwe akaingia kliniki, simu mkononi. "Nimetumiwa ujumbe, eti nimekosa kliniki ya mimba. Sikuwa na miwani, pasta ndiye alinisomea, tena kwa sauti."

Matroni akaangalia tableti. "Aliyekusajili ni huyu mkwe wako."

Wajawazito wote wakanigeukia.

"Sawa, Mama Tracy," mama mkwe akaniambia polepole. "Sasa niambie baba ya mtoto ni nani."