Barabara ya Babu Mlimani Igogo

Baba yangu tulimzika mwaka jana. Waombolezaji walipanda kwetu mlimani, Igogo, wakiwemo bibi wa kanisani wanaotembelea fimbo, na wote walifika mlangoni wakiwa na pumzi ya kutosha kulia. Zamani hilo lisingewezekana. Nyumba yetu imekaa juu ya mawe, kama nyumba nyingi za milima ya Mwanza, na kuifikia ilibidi ushike jiwe hili, ukanyage lile, huku viatu umevibeba mkononi. Nataka kueleza mambo yalivyobadilika, kwa sababu ndiyo habari ya baba ninayoipenda kuliko zote.

Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza melini, chini kwenye injini, akienda Bukoba na kurudi. Alistaafu akiwa nusu kiziwi, akiongea kwa sauti ya mtu anayeshindana na mtambo. Mama alikuwa akisema kwamba yeye alipata mume uzeeni, maana ujanani mwenzake alikuwa ameoa meli.

Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi nyumbani na binti yangu, mtoto aliyezaliwa na miguu isiyo na nguvu. Nilijiandaa kwa maswali. Baba hakuuliza hata moja. Alimpokea mjukuu wake mlangoni, akamweka mgongoni, akaenda kumwonyesha ziwa kutoka kwenye jiwe kubwa lililo nyuma ya jiko. Tangu siku hiyo alikuwa akimbeba. Kila asubuhi alimteremsha mgongoni mpaka barabarani, kwenye duka tulikohifadhi kiti mwendo chake, kisha akamsukuma hadi shuleni. Mchana alimfuata tena.

Alipofika darasa la tano, mtoto aligoma. Tulikuwa tunakunywa chai. Baba aliinama kama kawaida yake ili apandwe mgongoni, na binti yangu hakusogea.

"Siendi."

"Unaumwa, mayu?" baba aliuliza. Mayu kwa Kisukuma ni mama, na ndivyo alivyomwita tangu akiwa mchanga.

"Siumwi. Wenzangu wanasema Babu ananibeba kama gunia la mkaa. Mimi si gunia, Babu. Nimekua."

Nilitaka kumkemea. Baba alinizuia kwa mkono. Alikaa, akamaliza chai yake, akatoka nje na kusimama ukingoni mwa uwanja akitazama kule chini kwa muda mrefu. Kisha akaniita.

"Ana haki," alisema. "Mtu mzima habebwi."

Kesho yake aliwasha moto juu ya jiwe. Ndivyo watu wa huku wanavyopasua mawe: unalichoma kwa kuni mpaka liive, halafu unalimwagia maji ya baridi. Likipasuka, unasikia mlio kama wa bunduki. Majirani walidhani mzee ameingia kwenye biashara ya kokoto, na wengine walikuja kuulizia bei. Yeye aliwaambia hauzi kitu, anatengeneza barabara. Walicheka. Barabara mlimani, ya gari la nani?

Alifanya kazi hiyo miezi mingi. Alipasua, akapanga vipande, akamimina saruji juu. Wakati huo mtoto alisomea nyumbani. Mwalimu wake alinipa kazi za darasani nami nilimletea kila jioni. Njia ilipofika chini, imenyooka kama rula, baba alitangaza kwamba hakuna atakayeipita kabla yake. Tulikipandisha kiti mwendo, akakikalia, kofia yake ya meli kichwani.

"Shika nyuma," aliniambia. Kisha, "Haya, achia."

"Baba, panateremka sana."

"Achia, nimesema."

Nikaachia. Kile kiti kilishuka kama jiwe. Kilikata kona kisiyoambiwa, kikaruka ukingo, kikaingia uwanja wa jirani yetu na kuuangusha mpapai wake.

Jirani huyo alikuwa mama mjane, Mwislamu, muuza dagaa. Yeye na baba walikuwa hawasalimiani kwa miaka mingi kwa ajili ya mfereji wa maji ya mvua. Kila mmoja aliamini mwenzake amemwelekezea mafuriko. Alitoka ndani na kumkuta mzee amekaa chini katikati ya mapapai mabichi, kofia imemfunika macho.

"Mzee, umeumia?" aliuliza. Hilo ndilo neno la kwanza walilosemezana tangu ugomvi wao.

"Sijaumia. Mpapai wako ndio umeumia. Nisamehe, mama."

"Ulikuwa unakwenda wapi na kiti cha mtoto?"

Baba alimweleza yote, mpaka habari ya gunia. Yule mama alisikiliza, akatazama juu, akaitazama ile njia iliyonyooka.

"Mlima haupandwi hivyo," alisema. "Mimi napanda na ndoo ya dagaa kichwani kila siku. Unazunguka. Pitisha kwangu hapa, hapo mpapai ulipokuwa, halafu urudi kule. Lakini ipite mlangoni kwangu. Na mimi nina magoti yanayouma."

"Ni kiwanja chako."

"Ndiyo maana nakupa."

Baba alivunja alichokuwa amejenga, akaanza upya bila kunung'unika hata kidogo. Safari hii hakuwa peke yake. Jumamosi vijana wa kwaya yetu walikuja na nyundo, na yule mama akawaleta vijana wa msikitini kwao. Nao wakaanza kushindana nani atapasua jiwe kubwa zaidi. Mama yangu alipika uji. Rafiki za baba wa melini walileta mabomba chakavu, wakayachomelea yakawa vyuma vya kushikia. Njia ilikunja kushoto, ikakunja kulia, ikapita mlangoni kwa muuza dagaa, na kwenye kila kona baba aliacha mahali tambarare pa kupumzikia. Ule mfereji uliowagombanisha ulipata njia yake pembeni, na mvua zilipokuja maji hayakuingia kwa yeyote.

Siku ya kurudi shuleni, binti yangu alivaa sare mpya, maana ya zamani ilikuwa imembana. Majirani walijipanga kando ya njia kama wanaosubiri harusi. Baba alikagua breki, akasogea pembeni.

"Hunisukumi?" mtoto aliuliza.

"Nikusukume, mimi nani? Nenda, mayu."

Akaenda. Alishuka taratibu, mikono kwenye magurudumu, akasimama kona ya kwanza, akageuza, akashuka tena. Mlangoni kwa muuza dagaa alisema "Shikamoo, Bibi," na yule mama akaitikia marahaba huku akijifuta macho kwa ncha ya khanga. Binti yangu alipofika barabarani, vigelegele vilianzia chini vikapanda mpaka kwetu. Baba hakushangilia. Alivua kofia, akaishika kifuani.

Kushuka ilikuwa nusu ya kazi. Mchana nilitaka kuteremka nikamsaidie kupanda, na baba akaniambia nikae.

"Hajakuita."

Tulikaa kwenye benchi mlangoni, yeye na mimi na mama, tukisikiliza magurudumu. Yalisimama, yakaendelea, yakasimama tena. Baba alishika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili. Kisha kichwa cha binti yangu kikatokea, uso umelowa jasho, mkoba wa shule mapajani. Alituangalia sote watatu kama anayeshangaa tunafanya nini pale.

"Bibi, kuna ugali?" aliuliza. "Nina njaa."